Jibu la Kiporo: Lini Lafaa na Lini Ladhuru

Ndugu Wanachama,

Wanachama wengi wamekuwa wakituuliza ofisini jambo moja, kila mtu kwa maneno yake. Mmoja husema: "Bwana Katibu, ukurasa huu jana ulinichukua dakika nzima kufunguka, leo nimeugusa tu na umekuja. Umekuwaje?" Mwingine husema: "Mimi na jirani yangu tumefungua ukurasa ule ule kwa saa ile ile. Yeye aona khabari za leo na mimi naona za jana. Nani kati yetu anadanganywa?"

Maswali haya ni mawili lakini jibu lake ni moja, nalo ndilo tunalotaka kulieleza katika kurasa hizi. Asidhani mtu kwamba ni jambo la mafundi peke yao. Siku hizi mtu hutazama katika simu yake saa ya boti, hali ya hewa, bei ya bidhaa, salio la fedha zake na matokeo ya mtihani wa mwanawe. Akipewa jibu la jana kwa sura ya jibu la leo, aweza kukosa safari au kupoteza mali, na asijue khasara imemtokea wapi. Kwa hivyo yafaa kila mmoja wetu ajue jibu hilo limetoka jikoni sasa hivi, au ni kiporo.

UKURASA HUPIKWA

Watu wengi hudhani kwamba ukurasa wa intaneti umekaa mahali tayari, kama gazeti lililokwisha kupigwa chapa, ukimngoja msomaji. Kurasa za namna hiyo zipo. Lakini kurasa nyingi za leo hazipo kabisa mpaka mtu aziombe. Akiziomba, ndipo kompyuta zinazotoa kurasa, ambazo huitwa seva, huanza kuzitengeneza.

Tuchukue mfano wa Wikipedia, ile kamusi elezo kubwa iliyoanza tarehe 15 Januari 2001, na ambayo ina toleo la Kiswahili tangu mwaka 2003. Mwandishi wa makala humo haweki ukurasa ulio kamili. Huandika maneno yenye alama zake, na katikati ya maneno hutia vigezo, yaani vipande vilivyokwisha kutayarishwa ambavyo hutumiwa katika makala nyingi. Msomaji akiomba makala, programu iitwayo MediaWiki huyachukua maneno yale katika hifadhidata, ikavifungua vigezo kimoja kimoja, ikatafuta picha, ikatazama kila kiungo kama chaelekea makala iliyopo au isiyokuwapo, ikayapanga marejeo kwa nambari zake, ndipo ikatoa ukurasa unaosomeka.

Makala ikiwa fupi, kazi yote hiyo huisha kwa kitambo kidogo sana. Lakini makala ikiwa ndefu, yenye marejeo mamia, yaweza kuchukua sekunde kadha wa kadha. Mtu atasema: sekunde ni kitu gani? Basi na tufanye hesabu. Tuseme ukurasa mmoja wataka sekunde 5 za kazi, na watu 1,000 wameuomba. Kama kila mmoja atapikiwa chungu chake, ni sekunde 5,000, yaani saa 1, dakika 23 na sekunde 20 za kazi ya kompyuta. Na watu wote hao 1,000 watasoma maneno yale yale, hapana aliyezidishiwa hata nukta moja.

Hapana mpishi mwenye akili atakayefanya hivyo. Atapika mara moja, aweke, kila ajaye apakuliwe. Wa kwanza atangoja sekunde 5. Wa pili mpaka wa elfu watapata chao kabla ya kufumba jicho. Na hivyo ndivyo wanavyofanya mafundi wa intaneti. Jibu lililochelewa kutengenezwa huwekwa, na mwenye kuuliza swali lile lile hupewa lililowekwa. Wao hukiita kitendo hiki kache, neno ambalo asili yake ni la Kifaransa, na maana yake ni mahali pa kufichia vitu. Sisi hapa tutasema akiba.

HESABU YA MIRATHI

Jambo hili si geni kwetu. Kila aliyekaa na mwenye kuhesabu mirathi amekwisha kuliona.

Mtu amefariki. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Ameacha mke, watoto wanaume wawili na binti mmoja. Baada ya kutolewa madeni na wasia, mke hupata thumuni, na kilichobaki hugawiwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Mwenye kuhesabu huifanya mali yote mafungu 40: mke 5, kila mwana 14, na binti 7. Hesabu hii haitoki kwa kufumba na kufumbua. Yataka utulivu na kalamu. Lakini ikiisha kutoka huandikwa katika karatasi. Kesho akija mwana mmoja kuuliza fungu lake, husomewa karatasi. Hapana haja ya kuanza upya. Karatasi ile ni akiba.

Walakini, ikiwa mke alikuwa mja mzito, na baada ya miezi akazaliwa mtoto mwanamume, karatasi ile imebatilika yote. Sasa mali ni mafungu 8: mke 1, kila mwana katika wale watatu 2, na binti 1. Binti aliyekuwa na 7 katika 40 sasa ana 1 katika 8, na hayo si sawa. Na tazama jambo hili: karatasi ya zamani haikubadilika rangi, wala wino haukufutika. Ukiisoma yasomeka vizuri kama siku ya kwanza, na hesabu yake imejumlika sawasawa. Kosa lake halimo ndani yake, bali limo katika yale yaliyotokea nje baada ya kuandikwa kwake.

Tena karatasi ile ni ya nyumba ile tu. Haiwezi kusomewa nyumba nyingine, hata kama marehemu wa nyumba hizo mbili waliitwa jina moja.

Katika mfano huu mdogo mna elimu yote ya akiba. Kuweka jibu ni rahisi, na mtoto aweza kuliweka. Kazi iko katika mambo mawili: kujua jibu lililowekwa limebatilika lini, na kujua ni la nani. Husimuliwa neno la Phil Karlton, fundi aliyefanya kazi katika kampuni ya Netscape, kwamba mambo magumu katika elimu ya kompyuta ni mawili tu: kubatilisha akiba, na kuvipa vitu majina. Mafundi hulisema kwa mzaha, lakini waliokwisha kuungua hawacheki sana.

AKIBA HUWEKWA WAPI

Jibu moja laweza kuwekwa akiba mahali pengi, kuanzia kwako wewe mpaka kwa mwenye ukurasa.

Mahali pa kwanza ni simu yako mwenyewe. Kivinjari huweka picha na kurasa ulizokwisha kuziona, ili ukirudi usizivute tena kutoka mbali na kulipia bando mara mbili.

Mahali pa pili ni maghala ya njiani, yaliyowekwa karibu na wasomaji. Wikipedia, ambayo seva zake za kupikia kurasa ziko Marekani, katika Virginia na Texas, ina maghala ya namna hii Amsterdam, Marseille, Singapore, San Francisco na São Paulo. Msomaji akiomba makala, ombi lake hupita kwanza katika ghala. Ikiwa nakala iko pale, hupewa pale pale, na jikoni hawajui hata kwamba alikuja. Sehemu kubwa ya wanaoisoma Wikipedia huhudumiwa namna hii.

Mahali pa tatu ni kumbukumbu ya seva zenyewe. Hapa mashuhuri ni programu iitwayo memcached, aliyoitoa Brad Fitzpatrick mwezi wa Mei 2003. Yeye alikuwa na tovuti ya watu kuandika shajara zao, jina lake LiveJournal, na hifadhidata yake ilikuwa ikilemewa kwa kuulizwa maswali yale yale. Akaona kwamba seva zake nyingi zina nafasi katika kumbukumbu isiyotumika. Akazikusanya nafasi hizo zikawa ghala moja, kila jibu likawa na ufunguo wake. Seva ikitaka jibu hutaja ufunguo; likiwapo hulichukua, lisipokuwapo hwenda katika hifadhidata, ikalitengeneza, ikaliweka kwa ajili ya wajao. Programu hiyo aliitoa bure, na wakubwa waliokuja kuitumia ni pamoja na Facebook na Wikipedia.

Ghala lo lote lina mwisho wake. Likijaa, yapasa kitu kitolewe ili kingine kipate pa kukaa. Kanuni inayofuatwa mara nyingi ni kutoa lile jibu lililokaa muda mrefu zaidi pasipo kuulizwa na mtu. Ndiyo maana ukurasa usiosomwa sana hukuchelewesha: akiba yake imekwisha kutolewa, na wewe umekuwa mtu wa kwanza tena. Na hilo ndilo jibu la yule mwanachama wetu wa kwanza. Jana alingoja upishi. Leo amekula alichopikiwa yeye mwenyewe au mwenziwe.

KIPORO HUTUPWA LINI

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe. Njia za kuitoa akiba iliyopitwa ni tatu.

Ya kwanza ni muda. Mwenye ukurasa husema: jibu hili litumike dakika 10, au saa 1, au siku 1, kisha litupwe. Njia hii ni nyepesi, lakini haina macho. Jambo likibadilika katika dakika ya 2, watu watapewa uwongo kwa dakika 8 zilizobaki. Na lisipobadilika mwaka mzima, jikoni watapika upya kila dakika 10 bila ya sababu.

Ya pili ni tukio. Jibu halitolewi mpaka asili yake ibadilike, nalo hutolewa saa ile ile. Wikipedia hufanya hivi: mwandishi akiisha kubadilisha makala na kuihifadhi, amri hupelekwa katika maghala yote kwamba nakala ya makala hiyo itupwe. Njia hii ni bora, lakini yataka mwenye kuijenga akumbuke kila kitu kinachotegemea asili ile. Kigezo kimoja chaweza kuwa ndani ya makala maelfu kwa maelfu. Kikibadilishwa, makala zote hizo zimepitwa. Haziwezi kupikwa zote kwa mara moja, basi huwekwa katika foleni, zikapikwa kidogo kidogo. Ndiyo sababu badiliko la kigezo pengine huchelewa kuonekana katika baadhi ya kurasa.

Ya tatu ni kuuliza. Simu yako inayo nakala, lakini kabla ya kukuonyesha hutuma neno kwa seva: "Mimi ninayo ya tarehe fulani, imebadilika?" Ikiwa haikubadilika, seva hujibu kwa nambari 304, maana yake haikubadilika, tumia uliyo nayo. Jibu hilo ni dogo sana kuliko kupeleka ukurasa wote. Ikiwa imebadilika, hapo hupelekwa mpya.

Basi yule mwanachama wa pili, aliyeona khabari za jana ilhali jirani yake aona za leo, hakudanganywa na mtu. Nakala iliyo katika simu yake, au katika ghala aliloangukia, haikuwa imekwisha muda wake, na hapana aliyeiambia kwamba asili imebadilika. Jirani yake hakuwa na nakala, basi yeye aliletewa mpya.

KIPORO CHA WATU KUPEWA MTU

Kuchelewa kutupa ni khatari moja. Khatari ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kumpa mtu jibu la mtu mwingine.

Kuna kurasa ambazo ni za watu wote: makala, ratiba, matangazo. Na kuna kurasa ambazo ni za mtu mmoja: hesabu yake ya fedha, barua zake, anwani yake. Za kwanza zaweza kuwekwa mlangoni, kila ajaye akapewa. Za pili haziwekwi mlangoni kabisa. Na kama zawekwa mahali po pote, ufunguo wake lazima uwe na jina la mwenyewe.

Kampuni ya Valve ya Marekani ina duka kubwa la michezo ya kompyuta liitwalo Steam. Siku ya tarehe 25 Desemba 2015, wakati wa mauzo ya Krismasi, watu wenye nia mbaya walililetea duka hilo maombi mengi ya uwongo ili lilemewe. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, maombi yaliongezeka kwa asilimia 2,000 juu ya wastani wa siku za mauzo yale. Ili wanunuzi wa kweli waendelee kuhudumiwa, kanuni mpya za akiba zikatiwa katika maghala ya mbele kwa haraka. Kanuni mojawapo ilikosewa, ikaruhusu kurasa za watu waliokwisha kuingia kwa majina yao nazo ziwekwe akiba. Kwa muda wa saa 1 na nusu hivi, mtu alifungua ukurasa wa hesabu yake akaona wa mtu asiyemjua: anwani ya malipo, anwani ya barua pepe, orodha ya aliyoyanunua, na tarakimu mbili za mwisho za kadi yake ya benki. Kampuni ilisema kwamba kurasa zilizokuwa na siri za watu kama 34,000 ziliombwa wakati ule, nazo huenda ziliangukia mikononi mwa wengine. Duka likafungwa mpaka akiba yote ikatolewa.

Tazameni, ndugu, hapana mwizi aliyevunja mlango wa hesabu zile. Jibu lilikuwa sahihi, lilikuwa jipya, na lilikuja upesi. Ubaya wake ni kwamba halikuwa lake yule aliyepewa.

WOTE KUKIMBILIA JIKONI

Khatari ya tatu hutokea saa ile akiba inapoondoka. Maadam nakala iko mlangoni, jikoni kumetulia. Nakala ikitolewa, na watu 1,000 wako mlangoni, wote 1,000 hukimbilia jikoni kwa pamoja, kila mmoja akidai apikiwe. Tumerudi kwenye hesabu yetu ya sekunde 5,000, lakini sasa zote zatakiwa kwa wakati mmoja.

Hivi ndivyo ilivyoipata Wikipedia tarehe 25 Juni 2009, siku aliyofariki mwimbaji Michael Jackson. Watu wa dunia nzima walikwenda kuisoma makala yake. Makala yenyewe ilikuwa ndefu, yenye marejeo mengi, kwa hivyo ilichelewa kupikwa. Na waandishi nao walikuwa wakiibadilisha mara kwa mara kwa khabari zilizokuwa zikiingia. Kila badiliko likaibatilisha akiba. Kabla nakala mpya haijawa tayari, seva nyingi zilikuwa zimekwisha kushika kuipika makala ile ile moja, kila moja kivyake, na makala nyingine zikakosa mpishi.

Dawa waliyoitengeneza baadaye ni programu waliyoiita PoolCounter. Kazi yake ni kama ya msimamizi wa foleni. Seva ya kwanza itakayotaka kupika makala huruhusiwa. Nyingine zikija kwa makala ile ile huambiwa zingoje, na ya kwanza ikimaliza, zote huchukua kilichopikwa. Kungoja kukizidi, msomaji hupewa nakala ya zamani iliyopo, kwani kwa makala ya kusoma, nakala ya dakika moja iliyopita ni bora kuliko ukurasa mtupu. Wengine wameifanya njia hiyo kuwa kanuni tangu mwanzo: kiporo kikiisha muda, msomaji hupewa hicho hicho mara moja, na kipya hupikwa nyuma ya pazia kwa ajili ya mwenziwe. Mwaka 2010 njia hiyo iliandikwa katika taratibu za intaneti ili kila fundi aijue. Dawa nyingine ni kutozipa akiba zote muda mmoja wa kwisha, bali kuzitofautisha kidogo, hii dakika 9, ile 10, ile 11, zisianguke kwa pamoja.

Mwaka huo huo wa 2010, tarehe 23 Septemba, Facebook ilizimika kwa muda wa saa 2 na nusu hivi, na kampuni yenyewe ikaeleza sababu. Walikuwa na chombo cha kukagua maagizo ya mitambo yaliyowekwa akiba. Kikiona agizo bovu katika akiba, chombo hicho hulifuta na kwenda kuchukua lililo zima katika hifadhidata. Siku ile agizo bovu lilikuwa katika hifadhidata yenyewe. Kila seva ikaona ubovu, ikafuta akiba, ikaenda kuuliza asili. Maswali yakafika mamia ya maelfu kwa kila sekunde moja, hifadhidata ikalemewa. Ilipolemewa ikajibu kwa hitilafu, na seva zikaihesabu hitilafu ile kuwa ni agizo bovu tena, zikafuta na kuuliza upya. Hata baada ya asili kutengenezwa, msukumano haukukoma. Mafundi hawakuwa na njia ila kuufunga mlango wote, hifadhidata ikapumua, kisha wakawaingiza watu kidogo kidogo.

Funzo la siku hiyo ni kwamba mwenye kuizoea akiba husahau jikoni mwake kuna nguvu gani. Jiko linalohudumia watu 50 laonekana lahudumia 5,000 kwa sababu ya akiba. Siku akiba ikiondoka, wale 4,950 watataka chakula chao.

AKIBA SI DAWA YA KILA KITU

Yafaa pia tuseme kwamba akiba pengine hutumiwa kuuficha uvivu. Ukurasa ukichelewa, swali la kwanza liwe: kwa nini wachelewa? Mara nyingi hifadhidata haina faharasa, basi kompyuta husoma daftari zima toka mwanzo hadi mwisho ili kulipata jina moja. Au programu yauliza mara 200 jambo ambalo lingeulizwa mara 1. Makosa ya namna hiyo hutengenezwa, hayafunikwi. Ukiyafunika kwa akiba, yatakungoja mpaka siku akiba ikiondoka. Baada ya kutengeneza yanayotengenezeka, ikiwa bado kazi ni nzito kwa tabia yake, na wengi huuliza swali moja, na jibu halibadiliki kila dakika, hapo akiba ni mahali pake.

Na kuna mambo ambayo hayafai kuwekwa hata kama yachelewa. Salio la fedha wakati wa kulipa si la kiporo. Nafasi ya mwisho katika boti si ya kiporo. Jambo ambalo watu wawili wakipewa jibu moja la zamani watagombana, hilo na likachukuliwe jikoni kila mara, na mwenye haraka angoje.

LA KUFANYA

Kwa mwanachama anayesoma katika simu: ukurasa wo wote utakaoufanyia uamuzi wa fedha au safari, tazama kwanza tarehe na saa iliyoandikwa ndani yake. Saa iliyo juu ya simu yako haitoshi, kwani hiyo ni ya leo siku zote. Kisha uvute ukurasa chini kwa kidole ili uombwe upya. Kama bado una shaka, ufungue katika simu ya mwingine. Na ukurasa usio na tarehe kabisa uutazame kama khabari ya barazani: huenda ni kweli, lakini usiuzie wala usinunulie kwa neno lake.

Ukifungua ukurasa wa hesabu yako ukaona jina la mtu mwingine, usiendelee kuusoma. Ufunge, uwape khabari wenye tovuti saa ile ile, na ujue kwamba huenda na wako uko mbele ya macho ya mwenzio.

Na kwa wale wanaoagiza kutengenezewa tovuti, iwe ni ya skuli, ya ushirika, ya duka au ya chama kama hiki chetu, msiridhike fundi akiwaonyesha kwamba ukurasa wafunguka upesi. Muulizeni maswali haya manne, naye awajibu kwa maneno mnayoyafahamu. Kwanza: ni kurasa zipi umeziweka akiba, na zipi hukuziweka? Pili: mambo yakibadilika, nini kitaitoa akiba, na kwa muda gani? Tatu: umefanya nini ili ukurasa wa mtu usimfikie asiyekuwa mwenyewe? Nne: akiba yote ikiondoka saa hii, tovuti itasimama au itaanguka? Fundi mwenye kuijua kazi yake atayafurahia maswali haya. Asiyeijua ataanza kusema Kiingereza kingi.

Swali la tatu mlishike zaidi. Daftari la wanachama lina uzito wa mali ya kila mtu na malipo yake. Kuchelewa kwake sekunde 5 ni udhia mdogo. Kuonekana kwake na asiyekuwa mwenyewe hakuna mzani wa kuupima ubaya wake.

Wassalaam,

Katibu wa Chama